Kiwiko Kisichokuwepo

Wade Pettifer alikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa sekunde thelathini na sita za fainali ya wanaume ya BMX, mbio za baiskeli ndogo za matuta, hakuna mtu aliyekuwa mbele yake.

Ilikuwa Michezo ya Mataifa ya Bahari Kuu, pale Brisbane, mbele ya watu wa nyumbani. Lango la kuanzia lilipoanguka alianguka nalo. Akakishuka kile kilima cha mita nane kama jiwe lililoachiwa, na alipofika tuta la kwanza alikuwa amewaacha wenzake saba kwa nusu baiskeli. Kona ya kwanza akaikata kwa ndani. Ya pili akaimaliza. Ya tatu alisikia pumzi za watu nyuma yake, lakini pumzi hazimpiti mtu. Jukwaani walikuwa wamejazana watu arobaini kutoka Kingaroy, mji wa mashamba ya karanga alikozaliwa, wote wamevaa fulana za njano. Walikuja kwa msafara wa magari kumi na moja, na gari la mbele liliendeshwa na baba yake, Nev.

Lilibaki tuta moja na mita thelathini za lami.

Ndipo Wade akafanya jambo ambalo mpaka leo, akilikumbuka akiwa peke yake, huguna kwa sauti. Badala ya kulala juu ya baiskeli na kulipita tuta chini chini, aliiacha ipae. Akaipinda ubavu hewani kama vijana wanaotafuta kupigwa picha, akatoa mkono mmoja kwenye usukani na kuinua ngumi. Ilipendeza, hilo lisikanushwe. Uwanja mzima ulipiga ukelele. Kisha akatua, akatua vibaya, gurudumu la nyuma likateleza na mwendo wote ukamtoka kama upepo kwenye puto. Kabla mkono haujarudi usukanini, yule wa New Zealand alikuwa ameshampita kushoto, Mjapani amemfuata mgongoni, na upande wa kulia, umbali wa zaidi ya mita, akapita Yudha Wiratno wa Indonesia, kichwa chini, akikanyaga pedali kama mtu asiyejua kuna mwingine duniani.

Medali ni tatu. Wade alikuwa wa nne.

Mtangazaji wa televisheni alimkuta bado amekaa juu ya baiskeli, kofia hajaivua. Alikuwa mama mmoja mchangamfu, na aliuliza kwa upole, tena kwa upole uliomuuma. "Wade, pole sana. Nini kimetokea pale mwishoni?"

Hakuwa amepanga. Hili alikuja kulisema mara nyingi baadaye, na lilikuwa kweli, ingawa halikumsaidia kitu. Ulimi hauna mfupa. Alitaka kusema, nimejichezea mwenyewe. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Niliguswa," alisema. "Nikiwa hewani. Yule jamaa wa Indonesia alinipiga kiwiko."

Maneno yalipita kwenye kipaza sauti, yakatoka kwenye spika za uwanja, na jukwaa la fulana za njano likanguruma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kuliko baiskeli. Mkuu wa timu, bwana mmoja wa makaratasi aliyeitwa Colquhoun, alikuja anahema, fomu ya rufaa mkononi. "Una uhakika?" akauliza. Wade akatikisa kichwa kukubali. Sherehe ya medali, ambayo bendera zake zilikuwa zimeshafungwa kambani, ikasimamishwa. Vijana wawili wa timu wakampigapiga mgongoni. "Usijali, Karanga," walimwambia, maana hilo ndilo jina walilompa. "Tunakurudishia shaba yako."

Kocha wake, Bronwyn Achterberg, hakumpiga mgongoni. Bron alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushei, amekunjamana kwa jua, na alikuwa amemfundisha Wade tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliichukua ile fomu kwa Colquhoun, akaifungua kalamu.

"Hapa wanataka kujua upande," alisema. "Alikugusa mkono upi?"

"Kushoto."

Bron akamtazama. Yudha alipita kulia, na Bron alikuwa amesimama pale pale kwenye uzio. Kalamu ilikaa juu ya karatasi bila kuandika.

"Kushoto," akarudia, taratibu. "Niandike kushoto, Wade?"

Alijua anafunguliwa mlango. Ulikuwa mlango mdogo, lakini mtu angeweza kupita kama angeinama. Wade alitazama viatu vyake. "Andika," alisema.

Bron akaandika.

Waamuzi walijifungia na video zao, na washindani wakaambiwa wasubiri kwenye mahema nyuma ya kilima. Kutoka hema la Australia mtu aliweza kuona kipande cha jukwaa kupitia mwanya wa turubai. Wade aliona fulana za njano zimesimama. Kisha akasikia sauti aliyoijua kuliko zote. Ilikuwa sauti iliyomwamsha kila Jumamosi ya utoto wake waende kusambaza udongo kwenye uwanja wa klabu ya baiskeli.

"Wezi!" Nev alikuwa anapiga kelele. "Wezi nyie! Rudini kwenu na wizi wenu!"

Safu mbili chini yake walikaa watu watano au sita wenye bendera ndogo za Indonesia. Mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeusi ya kitambaa, na kando yake mwanamke aliyejitanda ushungi wa kijani. Nev aliinama juu ya vichwa vya waliokaa mbele yake.

"Wewe mama mwenye kitambaa kichwani! Mwambie huyo mtu wenu aache medali ya watu!"

Kisha mkono wa Nev ukaenda nyuma na kurudi mbele, na bilauri ya plastiki ikaruka. Bia ilimpata mwanamke begani na mzee usoni.

Wade aliyaona yote hayo. Palikuwa na hatua ishirini tu kutoka hemani mpaka kwenye uzio wa jukwaa. Angetoka, angepaza sauti, angesema, Baba, acha, si kweli. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa, miguu iliyokuwa imetoka kushindana na mataifa kumi na manne. Haikumpeleka popote. Aliirudishia turubai ili asione.

Walinzi walimtoa Nev, wakamrudisha baada ya kuahidi atatulia. Na kwa kuwa kelele hazikupungua, mwamuzi mkuu akaamua jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki. Akaamuru video ionyeshwe kwenye skrini kubwa ili kila mtu ajionee.

Wakaionyesha polepole. Wade alisimama nje ya hema na wengine wote. Akajiona anapaa, akaiona ngumi ikipanda. Wakati wa mbio hakujua kuwa alikuwa anacheka, lakini kwenye skrini yenye ukubwa wa nyumba mdomo wake ulikuwa wazi, meno yote nje, uso wa mtu aliyekwishajivika medali. Halafu kulia kwake, mbali, Yudha akapita. Kati ya viwiko vyao ungeweza kupitisha mkokoteni. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu hata kivuli. Wa New Zealand na Mjapani walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Waliirudia mara tatu. Mara ya kwanza palikuwa kimya. Mara ya pili mtu akacheka. Mara ya tatu wengi wakacheka, na kicheko hicho kikapita juu ya kichwa cha Wade na kwenda kuwafikia wale arobaini waliovaa njano, ambao walianza kuketi mmoja mmoja, wakivuta sweta juu ya fulana zao ingawa joto lilikuwa kali.

Vijana wa timu hawakumwita tena Karanga. Hawakumwita chochote. Walikuwa na shughuli za kufunga mabegi.

"Kesho utasema mbele ya kamera," Bron alimwambia. "Nimeshazungumza nao, saa nane mchana. Lakini kabla ya kamera utakwenda kwa Yudha mwenyewe. Na leo utakwenda kwa baba yako."

"Bron, mimi..."

"Niliandika kushoto kwa mkono wangu," alisema kocha. "Miaka kumi na mitatu. Usiniambie kitu sasa hivi."

Alimkuta Nev kwenye maegesho, nyuma ya gari lake la mizigo, amekaa juu ya sanduku la barafu. Magari mengine kumi yalikuwa yamekwisha ondoka. Nev alikuwa mtu mkubwa, dereva wa malori, mwenye mikono ambayo haikujua kukaa bure, na sasa ilikuwa inakaa bure.

"Picha zao zimechukuliwa upande mmoja tu," Nev alianza kabla mwanawe hajafika. "Sivyo? Nimewaambia wenzetu. Kamera ingekuwa upande wa pili..."

"Hakunigusa, Baba."

"Kidogo tu. Hata kidogo tu, mwanangu, mtu akiwa hewani..."

"Hakunigusa kabisa. Nilisema uongo."

Gari likapita nyuma yao, mtu akapiga honi na kupaza sauti, "Kiwiko!" huku akionyesha chake dirishani.

"Nimemmwagia mama wa watu bia," alisema Nev mwishowe. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. "Na yule mzee. Unajua nilivyokuwa nawaza? Nilikuwa nawaza, mwanangu hawezi kudanganya, kwa hiyo hawa ndio waongo. Hesabu rahisi." Akajifuta uso na kofia yake. "Umenivua nguo katikati ya watu, Wade. Nami sikujua, nikawa nacheza ngoma."

"Nilikuona. Nilikuwa hemani."

"Ulikuwa unaona?"

"Ndiyo."

Nev akainuka, akaingia garini, akafunga mlango. Hakuondoka. Alikaa tu pale nyuma ya usukani bila kuwasha gari, na Wade akasimama nje mpaka aliposhindwa kusimama.

Asubuhi iliyofuata, ukumbi wa chakula wa kijiji cha wanamichezo ulikuwa umejaa. Wade alipita katikati ya meza akiona migongo ikigeuka na vidole vikinyooshwa chini chini. Yudha Wiratno alikuwa pembeni na sahani ya wali na yai la kukaanga. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mmoja, kaka mkubwa kwa waendeshaji wa mchezo ule, mwenye kovu refu kwenye kigasha. Alionyesha kiti kwa kijiko.

"Kaa. Watu wanatazama. Ukisimama watatazama zaidi."

Wade akakaa. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha na sasa yote yalikuwa yamekimbia. "Nilidanganya," alisema. "Nilijichezea mwenyewe, nikakusingizia. Uliisubiri medali yako saa nzima kama mshitakiwa. Samahani. Sijui neno kubwa kuliko hilo, lakini kama lipo, ni hilo."

Yudha alitafuna, akameza. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande vipande, lakini kila kipande kilikuwa mahali pake. "Medali nimepata. Mimi na wewe, sawa, tumemaliza. Mimi pia nimewahi kuanguka kwa ujinga. Ila kusingizia, hapana, sijawahi." Akaweka kijiko chini. "Yule mtu mwenye bia. Unamjua?"

Wade alihisi shingo yake ikichemka mpaka masikioni. "Ni baba yangu."

"Aa," alisema Yudha. Akafikiri. "Basi ni vizuri. Nilikuwa namtafuta."

"Anastahili kushitakiwa. Nitawaambia walinzi jina..."

"Sikiliza kwanza. Mzee wangu ana miaka sabini na minne. Kabla ya safari hii hajawahi kupanda ndege. Hajui Kiingereza. Bia ilipomfika usoni akamuuliza mke wangu, huyu bwana anasema nini? Mke wangu ni mwalimu wa Kiingereza, ameelewa kila neno. Akamwambia, baba, anatupongeza. Hapa mtu akishinda humwagiwa kinywaji, kama wale wa mbio za magari kwenye televisheni. Mzee akauliza, kinywaji gani? Akaambiwa, soda ya tangawizi."

"Sasa mzee wangu amefurahi," Yudha aliendelea, na sura yake haikuwa na utani hata kidogo. "Anasema, mtu wa nchi nyingine, kijana wao ameshindwa, bado anatupongeza kwa sauti kubwa vile. Anataka kumpa mkono kabla ya kuondoka. Amemwekea zawadi. Mwambie baba yako aje saa sita, bustani ya wageni. Na asiseme ukweli. Ukweli huu si wa mzee wangu."

Wade alimpigia baba yake simu, akamweleza.

"Siwezi," Nev alisema. "Niitie polisi, nitakwenda. Hiyo siwezi."

"Baba, hata mimi siwezi. Tutakwenda hivyo hivyo."

Saa sita kamili Nev alikuwa bustanini, amenyoa, amevaa shati la kola alilolinunua asubuhi ile, mikunjo ya dukani bado ipo. Yudha alikuja na baba yake, na nyuma yao mwanamke wa ushungi, leo wa kahawia. Mzee Suparjo aliposogea karibu akamtambua Nev, akacheka kwa furaha, akajipangusa uso kwa kiganja kuonyesha namna alivyolowa. Kisha akaushika mkono wa Nev kwa mikono yake yote miwili na kusema maneno mengi kwa upole.

"Anasema," Yudha alitafsiri, "hatausahau ukarimu wako. Anasema mwanao anaruka vizuri kuliko wote, ila amekosa subira, na subira huja na umri. Anasema umlilie mtoto wako kidogo kisha uache."

Machozi yalimjaa Nev, na mzee, akidhani ni machozi ya baba aliyeshindwa, alimpigapiga kifuani kama anayembembeleza mtoto. Akampa kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha rangi ya udongo kilichotiwa nakshi kwa mkono, kimekunjwa pembe kwa pembe. Nev alikipokea. Wade alimwona baba yake, mtu aliyebeba magunia ya karanga mawili mawili, akikishika kitambaa hicho kwa ncha za vidole.

Mzee alipogeuzwa kuelekea kwenye benchi, Nev alimsogelea yule mwanamke. Jina lake lilikuwa Ratih.

"Mama," alisema, "yale niliyosema jana..."

"Si mbele ya mkwe wangu," alijibu Ratih kwa Kiingereza safi, bila kuinua sauti na bila tabasamu.

"Ningependa kukuomba radhi."

"Najua ungependa. Nawe pia," alimgeukia Wade, "ungependa. Mimi nimeilaza nguo yangu kwenye sabuni usiku mzima na bado inanuka. Nimemdanganya baba wa mume wangu, na leo ninamdanganya tena kwa ajili yenu. Nimefanya hivyo ili arudi nyumbani na furaha yake. Msidhani nimewafanyia ninyi." Kisha, kwa kuwa mzee alikuwa anawatazama, akawapa wote wawili mkono, mwepesi kama jani, akaenda kuketi.

Saa nane Wade alisema mbele ya kamera. Alisema hakuguswa, alidanganya, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Yule mtangazaji mchangamfu hakumsaidia hata neno moja, na Wade hakustahili kusaidiwa. Timu ya taifa ikamfungia miezi sita. Alishukuru kwamba kulikuwa na adhabu yenye tarehe ya mwisho, maana ile nyingine haikuwa nayo.

Bron aliendelea kumfundisha. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile, ila tangu hapo, kila Wade alipomweleza kitu, hata kwamba pedali imelegea, alikwenda kukiangalia mwenyewe kwanza.

Alasiri ya siku ileile ya kamera baba na mwana walirudi nyumbani. Njiani hawakuzungumza. Kile kitambaa kilikuwa katikati yao kwenye kiti, hakuna aliyethubutu kukitupa nyuma penye minyororo na jeki. Kwenye mji mdogo wa Blackbutt walisimama kwenye duka la mikate kununua pai za nyama. Dukani walikuwepo watu sita au saba. Mwenye duka, Colleen, alimjua Nev kwa miaka mingi, na tangu fainali ya jana hakuwa amefungua tena televisheni.

"Wade, jamani, mwanangu!" alisema kwa sauti, huku akizitia pai kwenye mifuko. "Tuliona fainali. Tumeibiwa mchana kweupe! Yule mtu na kiwiko chake, afadhali wangemfunga."

Watu waligeuka. Mzee mmoja kwenye meza ya dirishani aligonga kikombe chake cha chai kukubali. Ilikuwa rahisi sana. Hata kunyamaza kungetosha. Angechukua mfuko, akasema asante, akatoka. Wade aligundua kwamba hata sasa, baada ya yote, sehemu fulani ndani yake ilikuwa inapenda kutoka.

"Hatukuibiwa, Colleen," alisema. "Hakunigusa. Nilidanganya."

Tabasamu la mama yule lilibaki usoni muda kidogo, halijui liende wapi. "Ati nini?"

"Niliinua mkono mapema, nikapitwa. Kisha nikamsingizia yule bwana. Anaitwa Yudha Wiratno. Alishinda kihalali."

Wade alifikiri labda kwa kusema hivi angejisikia mwepesi, kama watu wanavyosimulia. Hakujisikia mwepesi. Uso uliwaka vilevile kama jana, na akaelewa kuwa Kingaroy kuna watu elfu kumi, na wengi wao atalazimika kuwaambia mmoja mmoja.

"Na mimi," Nev alisema nyuma yake, kofia mkononi, "nilimtukana mkewe mbele ya uwanja mzima. Nikamwagia bia. Mtu asije akawaambieni ilikuwa vingine."

Colleen alizisukuma pai juu ya kaunta bila kuwaangalia. Walizichukua, wakatoka, wakala wamesimama kando ya gari, kila mtu ametazama upande wake wa barabara.

"Ya kwako ina pilipili?" Nev aliuliza.

"Kidogo."

"Yangu haina," alisema Nev. Akafungua mlango wa dereva, wakaendelea na safari.